NDIVA, ZAMU NA HODI: Istilahi za Mawasiliano baina ya Maunzi na Programu

Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana moja ya uhandisi wa elektroniki ambayo huwasumbua wafasiri na walimu kila wanapokutana nayo, nayo ni usanisi wa mawasiliano katika usanifu wa pamoja wa maunzi na programu. Tunakusudia pia kupendekeza istilahi chache zitakazoiwezesha dhana hiyo kusemwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Msomaji asitishwe na urefu wa jina lake. Jambo lenyewe limo ndani ya mita ya umeme iliyo ukutani kwake, na mfano wake ulio bora kuliko yote, kwa maoni yetu, umo katika mifereji ya maji ya Milima ya Upare, Wilayani Same.

Dhana yenyewe

Kila mfumo wa elektroniki, uwe simu, mita au mashine ya kutolea fedha, una sehemu mbili. Maunzi ni vile vinavyoshikika: saketi, nyaya, vitufe na kioo. Programu ni mfululizo wa maagizo yanayotekelezwa na kichakataji. Aghalabu kazi moja yaweza kufanywa na sehemu yoyote kati ya hizi mbili. Saketi maalumu huifanya kazi hiyo upesi, lakini huongeza gharama, na ikishatengenezwa haibadiliki. Programu huifanya polepole zaidi, lakini hurekebishwa bila kubomoa kitu.

Kwa muda mrefu wahandisi wa maunzi walimaliza kazi yao kwanza, ndipo waandishi wa programu wakakabidhiwa mashine iliyokwisha kuamuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walianza kuzisanifu sehemu zote mbili kwa pamoja. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ulibuniwa mfumo ulioitwa Vulcan, na katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig, Ujerumani, ukabuniwa mwingine ulioitwa COSYMA. Mifumo hii miwili ililiendea jambo moja kutoka pande mbili. Vulcan ulianza kwa kuziweka kazi katika maunzi, kisha ukazihamishia kwenye programu zile zilizoweza kuhama, ili kupunguza gharama. COSYMA ulianza kwa kuziweka kazi zote katika programu, kisha ukazihamishia kwenye maunzi zile zilizochelewa kupita kiasi. Kitendo hicho cha kuamua kazi ipi ikae wapi tunakiita mgawanyo wa majukumu.

Kazi zikishagawanywa, hapo ndipo linapozuka swali la makala haya: zitasemezanaje? Mwanzoni msanifu huandika tu kwamba kazi ya kwanza inaipelekea kazi ya pili thamani fulani. Hasemi kwa waya upi, kwa biti ngapi kwa mara moja, nani aanze kusema, wala nini kifanyike iwapo mpokeaji hayuko tayari. Kuyapata majibu ya maswali hayo, na kuyageuza kuwa nyaya, saketi na maagizo halisi, ndiko kunakoitwa usanisi wa mawasiliano.

Neno usanisi wasomaji wetu wanalijua kutokana na usanisinuru wa mimea. Tungependa lishikiliwe hapa pia, wala lisibadilishwe kuwa mchanganyiko au muungano. Mchanganyiko hukusanya vitu vilivyokwisha kuwapo. Katika usanisinuru, mmea huchukua maji na hewa ya kaboni dioksidi, ukatengeneza sukari ambayo haikuwamo katika kimojawapo. Vivyo hivyo, msanifu huanza na maelezo ya nani anamwambia nani nini, akamaliza na nyaya na saketi ambazo maelezo yale hayakuzitaja.

Kwa nini Upare

Utaratibu wa kuunda istilahi, ambao Baraza limekuwa likiufuata tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, unajulikana: tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu zilizo ndugu zake, kisha katika lugha nyingine za Tanzania, na ndipo tukope ng'ambo. Kwa njia hiyo tulipata ng'atuka, neno la Kizanaki lililoenea nchini Mwalimu Nyerere alipoacha Urais mwaka 1985. Kwa njia hiyo pia vyuo vikuu vyetu vina vitivo, na neno hilo kitivo hutajwa katika vitabu vya sarufi kuwa ni la Kipare. Kwa hiyo Kipare si mkopeshaji mgeni kwetu.

Lakini hatuendi Upare kwa sababu ya wema wa zamani peke yake. Tunakwenda kwa sababu watu wa huko walilazimika kutatua tatizo ambalo, kwa umbo lake, ni lile lile la msanifu wa elektroniki.

Upande wa magharibi wa Upare Kusini una mvua haba, kwa kuwa milima huzuia pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi. Katika bonde la Makanya, maji hushuka kutoka Vudee juu milimani, yakapita Bangalala katikati, hadi Makanya kwenyewe katika tambarare. Vijito ni vidogo. Mkulima akikielekeza kijito moja kwa moja shambani, maji mengi hunyonywa na udongo wa mfereji kabla hayajafika. Tena kijito hutiririka usiku na mchana, ilhali mkulima hufanya kazi mchana tu. Basi wenyeji wakajenga ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la kulimbikizia maji, lijengwalo kwa mawe na udongo, na siku hizi kwa saruji pia. Usiku tundu lake la kutokea huzibwa, na maji ya kijito yakajikusanya humo. Asubuhi tundu huzibuliwa, na maji yaliyokuja kidogo kidogo kwa saa nyingi yakatoka kwa nguvu kwa saa chache, yakafika hata mashamba ya mbali. Ndiva ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala, imeandikwa sana na wataalamu wa maji. Zamani ukoo ulioijenga ndiva ndio uliokuwa na kauli juu ya maji yake. Baadaye kauli hiyo ikawa ya serikali za vijiji na kamati za watumiaji maji. Hata hivyo kanuni haikubadilika: maji hutolewa kwa zamu, na zamu hutangazwa kabla.

Sasa tuzitazame dhana za msanifu moja baada ya nyingine.

Mkondo na mfereji

Wasanifu hutofautisha mambo mawili ambayo wafasiri wengi huyapa neno moja. La kwanza ni njia ya kufikirika: ukweli kwamba kazi hii inaipelekea ile habari. La pili ni njia ya kushikika: fungu la nyaya ambalo kazi nyingi hulitumia kwa pamoja. Kwa la kwanza tunapendekeza mkondo, na kwa la pili mfereji. Mkondo ni mwendo wa maji wenyewe. Mfereji huchimbwa na watu, una upana wake, na una gharama yake. Mikondo kumi yaweza kupita katika mfereji mmoja kwa nyakati mbalimbali. Sehemu kubwa ya usanisi wa mawasiliano ni kuamua mifereji mingapi ichimbwe kwa ajili ya mikondo iliyopo. Ikiwa michache mno, foleni huwa ndefu. Ikiwa mingi mno, saketi huwa ghali. Tukisema mfereji tunaepuka pia neno basi, ambalo katika sentensi ya Kiswahili lina kazi nyingine mbili tayari.

Ndiva

Saketi ya kupimia yaweza kutoa thamani moja kila baada ya muda maalumu, bila kupumzika. Kichakataji chenye shughuli nyingine hakiwezi kuipokea kila moja inapotoka. Hapo msanifu huweka kati yao sehemu ndogo ya kumbukumbu, ambamo thamani hujikusanya, kisha kichakataji huzichukua nyingi kwa mara moja. Mafundi wengine huiita bafa. Wengine huiita hifadhi ya muda, jina ambalo halielezi kwa nini habari imehifadhiwa. Ndiva hueleza. Haijengwi kwa sababu mtu anataka kuweka akiba ya mwaka. Hujengwa kwa sababu kasi ya anayeleta haifanani na kasi ya anayepokea. Maana hiyo ndiyo hasa ambayo mwanafunzi wa elektroniki anapaswa kuishika.

Kwa sarufi pia neno hili halina tabu. Linaingia katika ngeli ya ndizi na ndege, ndiva hii na ndiva hizi, na linakubali kiambishi cha mahali: thamani zilizomo ndivani.

Zamu na mgawa zamu

Kazi mbili zikiutaka mfereji mmoja kwa wakati mmoja, lazima awepo mwamuzi. Katika maunzi mwamuzi huyo ni saketi. Katika programu ni maagizo. Tunapendekeza aitwe mgawa zamu. Kanuni zake zaweza kuwa mbili. Ama kila mmoja ana zamu yake ya kudumu, hata akiwa hana la kusema. Ama anayepewa ni mwenye kipaumbele kikubwa miongoni mwa wanaoomba.

Kanuni ya pili ina hatari, na mfano wake unajulikana duniani. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Pathfinder kilitua katika sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha upya. Wahandisi waligundua kwamba kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli ya kumbukumbu ya pamoja. Kazi kubwa ya kusimamia mfereji wa habari ilikuwa ikingoja kufuli hiyo. Na kazi za daraja la kati, zisizohusika na kufuli kabisa, zilimzuia yule mdogo asimalize. Mkubwa akachelewa kwa sababu ya wa kati, na mlinzi wa mfumo, akidhani kila kitu kimekwama, akaiwasha kompyuta upya.

Mkulima wa Bangalala angelieleza jambo hili hivi. Mwenye shamba dogo amezibua ndiva. Mwenye shamba kubwa yuko nyuma yake akingoja. Mtu wa tatu, asiye na haja ya maji siku hiyo, anamwita mwenye shamba dogo akamsaidie kazi nyingine, naye anakwenda, na ndiva imebaki wazi kwa jina lake. Dawa iliyotumwa Mirihi kutoka duniani ni hii: anayeshika kufuli, muda wote aishikapo, apewe cheo cha yule anayemngoja, ili wa kati asiweze kumwita. Baadhi ya wafasiri wangesema kurithi kipaumbele. Sisi tunapendekeza kuazimwa kipaumbele, kwa kuwa kwa Kiswahili urithi haurudishwi na mwenyewe hufa kwanza, ilhali cheo hiki hurudishwa mara kufuli inapoachiliwa.

Hodi na karibu

Pande mbili zisizofuata saa moja zinahitaji njia ya kujulishana. Mpelekaji huinua ishara ya kusema kwamba ana habari, mpokeaji huinua ishara ya kusema kwamba yuko tayari, habari hupita, ishara zote mbili hushushwa. Yapo mapendekezo ya kuita jambo hili kupeana mikono. Lakini watu wakipeana mikono huwa wamekwisha kuonana, na hakuna anayemngoja mwenzake. Kiswahili kina desturi iliyo sahihi zaidi. Mgeni hupiga hodi akasimama mlangoni. Haingii mpaka asikie karibu. Na asiposikia jibu hupiga tena, kisha huondoka. Kwa hiyo tunapendekeza itifaki ya hodi, yenye ishara ya hodi na ishara ya karibu. Hata idadi ya hodi kabla ya kuondoka ni jambo ambalo msanifu hulazimika kuliamua.

Kutokana na desturi hiyo hiyo tunapata jozi nyingine. Kichakataji chaweza kwenda mlangoni kila baada ya muda kutazama kama kuna mgeni: huko ni kuchungulia. Au chaweza kuendelea na kazi yake mpaka mgeni abishe: huko ni kukatizwa. Kuchungulia ni rahisi kusanifu lakini hupoteza muda. Kukatizwa huokoa muda lakini huhitaji saketi na uangalifu zaidi.

Mfano ulio ukutani

Tuchukue sasa mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Ndani yake mna saketi ya kupima umeme, swichi ya kuukata na kuurudisha, vitufe, na kichakataji chenye programu. Mita ya vitufe ya kawaida haina waya wa kusemezana na ofisi iliyouza umeme. Mkondo upo, lakini mfereji ni mtu mwenyewe, abebaye tarakimu 20 kutoka kwenye simu au karatasi hadi kwenye vitufe. Kwa kuwa ujumbe huenda upande mmoja tu, mita haiwezi kumwuliza muuzaji swali. Kila inachokihitaji lazima kiwemo ndani ya tarakimu hizo, zikiwa zimefumbwa ili zisibuniwe na mtu mwingine.

Tarakimu 20 zinatosha kubeba biti 66. Katika kanuni ya kimataifa inayofuatwa na mita za namna hii, biti 24 kati ya hizo zilitengewa wakati, yaani hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huiweka hesabu hiyo katika kumbukumbu, ili tarakimu zilizokwisha kutumika zisikubaliwe mara ya pili. Biti 24 zaweza kuhesabu dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Hesabu ikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka huo wateja wa TANESCO waliponunua umeme walipewa kwanza makundi mawili ya tarakimu 20 ya kubadilisha ufunguo wa mita, kisha kundi la tatu la umeme wenyewe. Kwa ufunguo mpya, dakika zinahesabiwa kuanzia mwaka 2014.

Hapa ndipo kazi ya mfasiri inapomgusa mwananchi. Mteja akielezwa kwamba muda wa mita yake umekwisha, atadhani kwamba mita imechakaa na anatakiwa kununua nyingine, au kwamba anaibiwa. Akielezwa kwamba nafasi ya kuhesabia dakika imejaa na lazima hesabu ianze upya, atajua kwa nini anabonyeza vitufe mara 40 kabla ya kupata umeme wake. Tofauti ya kauli hizi mbili si ya ufasaha tu. Moja ni kweli, nyingine si kweli.

Mipaka ya mfano

Hatuna budi kueleza mahali ambapo mfano wa Upare unakoma. Kwanza, maji yakishatumika shambani yamekwisha. Habari ikisomwa yaweza kubaki. Pili, maji ya ndiva huchanganyika, ilhali katika ndiva ya elektroniki utaratibu hulindwa, na iliyotangulia kuingia kwa kawaida ndiyo itanguliayo kutoka. Tatu, ndiva ya maji ikifurika, ziada humfikia jirani wa chini. Ya elektroniki ikifurika, ziada hupotea, wala hapana jirani anayefaidika. Mwalimu azitaje tofauti hizi darasani, maana istilahi nzuri humfikisha mwanafunzi mlangoni, lakini ufafanuzi ndio umwingizao ndani.

Wapo watakaosema kwamba neno ndiva halijulikani Mtwara wala Kigoma. Ni kweli. Lakini kitivo nacho hakikujulikana huko, na leo hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu asiyekijua. Neno geni la Kibantu na neno geni la ng'ambo yote mawili hujifunzwa. La kwanza lina nafuu kwamba lina mahali pake nchini ambapo mtu aweza kwenda kuliona likifanya kazi.

Istilahi zinazopendekezwa

1. Usanifu wa pamoja: kusanifu maunzi na programu za mfumo mmoja kwa wakati mmoja.
2. Mgawanyo wa majukumu: kuamua kazi zipi zifanywe na maunzi na zipi na programu.
3. Usanisi wa mawasiliano: kuyageuza maelezo ya nani anampelekea nani habari kuwa nyaya, saketi na maagizo halisi.
4. Mkondo: njia ya kufikirika ya habari baina ya kazi mbili.
5. Mfereji: fungu la nyaya linalotumiwa na mikondo mingi.
6. Ndiva: kumbukumbu ndogo inayosuluhisha kasi mbili zisizolingana.
7. Mgawa zamu: saketi au programu inayoamua nani atumie mfereji.
8. Kuazimwa kipaumbele: kupewa kwa muda cheo cha anayengoja.
9. Itifaki ya hodi: utaratibu wa kuomba na kukubaliwa kabla ya habari kupita.
10. Kuchungulia na kukatizwa: njia mbili za kichakataji kutambua kwamba kuna habari.
11. Kiunganishi: saketi iliyo mpakani mwa sehemu mbili za mfumo. Kiolesura kibaki kwa mahali ambapo mtu hutazamana na mashine.

Haya ni mapendekezo, hayajasanifiwa. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu darasani, na wafasiri wayajaribu katika vijitabu vya maelezo, kisha watuandikie ni yapi yaliyokwama na yalikwama wapi. Kwa maofisa wa Serikali tuna ombi jingine. Wanapoletewa hati za zabuni za mita, za mashine za kusajilia au za vifaa vya hospitali, waulize kwa Kiswahili: sehemu ya wakati katika ujumbe huu ina biti ngapi, na itajaa mwaka gani? Swali hilo sasa lina maneno yake.